Huduma ya kufundisha mbwa nyumbani, Raskazone, Tanga

Huduma hii inatolewa na kijana mmoja wa hapa Raskazone, nami ninaipendekeza kwa dhati kwa yeyote ambaye mbwa wake amezoea kubweka ili apewe chakula, kwa sababu mkufunzi huyu huanza kuwachunguza watu wa nyumba kabla ya kumgusa mnyama. Kwetu alikaa barazani akitazama tu. Mbwa alibweka getini, dada wa jikoni akamtupia kipande cha chapati ili anyamaze, naye akanyamaza. "Dada, hapo umemlipa kwa kubweka," alimwambia kwa upole.

Msingi wa kazi yake ni wa siku nyingi. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alieleza jinsi paka aliowafungia masandukuni walivyozidi kuwa wepesi wa kujifungulia, kwa kuwa tendo linalozaa matokeo mazuri hurudiwa, na baadaye mwanasaikolojia mwenzake B. F. Skinner akaonyesha kwamba tendo linalotuzwa mara moja moja, bila mpangilio unaotabirika, huwa gumu kufutika kuliko linalotuzwa kila mara. Chapati yetu ya kubahatisha ilikuwa imekita mizizi kweli kweli.

Hatumii fimbo, na hilo pekee lingetosha kunifanya nimsifu. Ana kidude cha plastiki kinacholia "tik", na kila mlio hufuatwa na kipande cha ini la kuchemsha, mpaka mbwa atambue kwamba mlio ni dalili ya chakula. Kisha mlio hutolewa papo hapo mbwa anapofunga mdomo, kwani tuzo ikichelewa hata kidogo huangukia tendo jingine. Shirika la APOPO kule Morogoro huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa njia hiyo hiyo.

Anafika kwa wakati na bei yake ni ya haki. Kasoro yake ni kwamba hakututahadharisha kuwa chakula anacholipwa mbwa kikikatwa ghafla, kubweka huweza kuzidi kabla ya kupungua. Usiku ule mlinzi alishindwa kuvumilia kelele akampa ugali, na mbwa akajifunza kwamba anayebweka zaidi ndiye anayelipwa.

Kwa hiyo ukimwita, hakikisha mlinzi yupo tangu somo la kwanza, na ini liwe limekatwa vipande vidogo kama harage, maana vikubwa humshibisha mbwa kabla somo halijaisha.