Wakala wa nyumba Malindi: dipoziti anaishika vizuri, kuirudisha ndiko kwenye kasoro

Huduma tunayoipima hapa ni ya wakala wa mjini Malindi anayesimamia nyumba za kupangisha kutoka Barani hadi Shela. Kukusanya kodi hakumshindi mtu; tulichokiangalia ni dipoziti.

Mpangaji anapoingia, kazi ya wakala haina mfano. Kabla ya funguo kutolewa, karani huzunguka naye chumba kwa chumba: hufungua kila bomba, huvuta maji chooni, huzungusha ufunguo katika kila kitasa. Fomu haisemi "mlango sawa". Inasema "mlango wa jikoni, bawaba ya chini ina kutu, kitasa kinakwama". Mita ya maji hupigwa picha, nakala mbili hutiwa sahihi, na risiti ya dipoziti huandikwa mbali na ya kodi. Zikichanganywa, mwezi wa mwisho utaambiwa "kata kwenye dipoziti", na sinki iliyopasuka utaitengeneza kwa pesa zako.

Tena dipoziti hukaa kwenye akaunti yake peke yake. Hapo anastahili sifa, kwani wenye nyumba wengi huinunulia saruji, kisha anayehama husubirishwa hadi mpangaji mpya alete yake.

Kasoro huanza siku ya kuhama. Kila mpangaji hukatwa pesa ya rangi, hata aliyekaa miaka mitatu. Kwa kuta za mawe ya matumbawe hiyo ni dhuluma. Ukuta hunyonya unyevu kutoka chini, chumvi hupanda nao na kuisukuma rangi, ikabanduka kama magamba ya samaki kuanzia magotini kushuka. Mpangaji hajaigusa! Kutu ya bawaba na nondo za madirisha yanayotazama bahari ni vivyo hivyo: uchakavu wa kawaida, mzigo wa mwenye nyumba. Cha kukata ni kioo kilichovunjwa, funguo zilizopotea, deni la maji, na risiti ya fundi iambatanishwe.

Jingine, huzuia dipoziti nzima akingoja bili ya maji. Angesoma mita siku hiyo hiyo, akate uniti zilizotumika, arudishe iliyobaki.

Mpangaji akibisha makato, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na ile fomu ya kuingia ndiyo ushahidi wako.

Mpe nyumba yako, ila kifungu cha kukata pesa ya rangi kifutwe mkatabani kabla hujatia sahihi.