Bunduki mbili za .22, na chumvi yetu ya Mombasa

Kwa miezi nimekuwa nikiitangaza ile bunduki inayojipakia yenyewe kuwa mbovu. Leo nafuta kauli, angalau nusu yake.

Klabu ninakolengea shabaha, huku Mombasa kaskazini, ina bunduki kadhaa za .22, yaani za risasi ndogo ya kipenyo cha takriban milimita 5.6, ambazo sisi wanachama huazima. Mimi hushika mbili tu: CZ 457 ya komeo, ambayo kila risasi lazima uvute na kusukuma kwa mkono, na hiyo nyingine inayojipakia, ambayo jina lake nalihifadhi. Jumamosi tatu nilizilaza juu ya mfuko wa mchanga, mita 50, risasi tano kwa kila karatasi, kisha nikapima matundu kwa rula ya shule ya mwanangu.

Kwa risasi za mwendo wa kawaida, zile za mita kama 325 kwa sekunde, CZ ilinipa matundu matano yaliyokaribiana kwa milimita 14. Sarafu ya shilingi ishirini inayafunika yote. Ile nyingine, 28. Nikabadilisha, nikatia risasi za kasi, za mita 375 hivi: CZ yenyewe ikatawanya hadi 31! Ndipo nilipoacha kuwasikiliza wanaosema "nunua mtutu mzuri, basi". Risasi hizo hutoka zikiwa zimeipita sauti, ambayo kwa joto letu huenda karibu mita 350 kwa sekunde, na njiani zinarudi chini yake zikiyumba. Halafu upepo wa kusi, ukivuma toka ubavuni, huisukuma hata risasi iliyotulia. Mchana sijisumbui tena, naenda alfajiri.

Kuhusu kugoma sasa. Risasi hii ya .22, ile iitwayo Long Rifle, ni ya mwaka 1887, na kiwashio chake kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda, si katikati kama za bunduki kubwa. Kiwashio kikiacha pengo mahali, na pini ikagonga pale pale penye pengo, unasikia "tik" tu. Unaacha mtutu ukielekea shabaha, unahesabu hadi thelathini, ndipo unafungua. Katika boksi moja la bei rahisi zilinigomea kumi na moja, nami nikailaani bunduki. Mzee mmoja wa pale akaliokota ganda, akanionyesha kishimo kwenye ukingo, kirefu na safi. "Mwanangu, imegonga hii. Usiisingizie." Tulizigeuza zikagongwa upande wa pili, saba zikalia. Boksi hilo hilo nililitia kwenye CZ, na huko nako zikagoma.

Nusu ninayoishikilia ni hii: inayojipakia inataka kuoshwa. Moshi na masizi hurudi ndani kila inapofyatuka, vikachanganyika na nta ya risasi, na baada ya risasi 200 hivi ganda linakwama mlangoni likiwa limesimama wima kama mshumaa. Risasi za mwendo wa kawaida nazo mara nyingine hazina nguvu ya kuurudisha mtambo nyuma hadi mwisho. Kwa hiyo inapenda zile za kasi, ambazo ndizo zinazotawanya. Hapo ndipo CZ inaponiteka, maana komeo halijali nguvu ya risasi.

Lakini chumvi ya hewa ya bahari haibagui. Niliiacha CZ wikendi moja bila kuipangusa, nikarudi nikakuta alama ya kidole gumba changu imechoreka kwa kutu juu ya mtutu, mistari yote inasomeka. Siku hizi nabeba kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani, na sifungi begi kabla ya kupaka.

Anayeanza, ningemwambia achukue ya komeo na boksi dogo dogo za aina tatu au nne za risasi, ajue bunduki yake inakula nini. Ya kujipakia nitaendelea kuiazima, kwa raha tu, siku ambayo sina haja ya rula.