Uzoefu wangu: nilisoma sheria ya bima ya CII nikiwa Dar

Mimi ni afisa madai ya magari hapa Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa. Nilipoajiriwa, ofisini kwetu walikuwepo wakubwa wawili wenye herufi ACII mwishoni mwa majina yao, na wote wawili walisikilizwa hata pale walipokosea. Nami nilizitaka hizo herufi. Nasema mapema, asije mtu akadhani niliingia kwa kiu ya elimu.

Chartered Insurance Institute, yaani CII, ndiyo inayotoa hizo herufi; ni chama cha Uingereza cha watu wa bima na huduma za fedha. Kilianza 1897, kikapata hati ya kifalme 1912. Unalipa uanachama, unalipa moduli, unapewa kitabu na mazoezi mtandaoni, mengine ni wewe na usingizi wako. Nilipoanza, ngazi zilihesabiwa kwa krediti: cheti 40, diploma 120, na ile ya juu 290.

Nikaanza na M05, sheria ya bima. Mwenzangu mmoja alinicheka: sheria ya Waingereza ya nini, wakati tuna Sheria ya Bima ya 2009 na TIRA, mamlaka yetu ya kusimamia bima? Ana hoja. Zipo kurasa nilizozisoma kwa ajili ya mtihani tu. Lakini misingi ya mikataba tumeirithi kwao, na kesi zenyewe zinanata kichwani. Yule konokono wa kwenye chupa ya soda ya tangawizi kule Paisley, Uskoti, katika Donoghue dhidi ya Stevenson, kesi iliyoamuliwa 1932, sitamsahau.

Iliyonifaa kuliko zote ni ya 1883, Castellain dhidi ya Preston. Mtu ameuza nyumba Liverpool. Kabla mauzo hayajakamilika ikashika moto, bima ikamlipa pauni 330. Baadaye mnunuzi naye akalipa bei yote. Mahakama ikamwambia muuzaji arudishe hela ya bima, kwa kuwa fidia ni ya kukurudisha ulipokuwa, si ya kukuongezea.

Wiki chache baadaye akaja mzee mwenye Noah iliyogongwa nyuma na lori Mbagala. Bima kubwa, karatasi zote za polisi, picha, tathmini ya gereji milioni nne na laki mbili. Katikati ya faili nikakuta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: mwenye lori amemlipa milioni moja na nusu.

"Shikamoo mzee. Na hii hela?"

"Marahaba binti yangu. Hiyo alinipa ya pole tu."

Zamani ningefumba macho, au ningemkatalia dai lote kwamba ni udanganyifu. Sasa nilijua pa kutazama. Pole si jambo la kudharau. Kuna kesi ya 1882, Burnand dhidi ya Rodocanachi, ya mzigo ulioteketezwa na manowari Alabama katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Wenye mzigo walilipwa na bima, kisha serikali ya Marekani ikawaongezea hela ya kufidia kile ambacho bima haikukifikia. Bima ikaidai hela hiyo, ikashindwa: ilikuwa zawadi kwao. Kwa hiyo nikaisoma ile karatasi neno kwa neno. "Kwa ajili ya matengenezo ya gari," na saini mbili. Basi si pole. Tukaitoa ile milioni na nusu, tukakata na sehemu anayobeba mwenyewe, kilichobaki akalipwa. Alinuna, ila hakwenda kwa mwanasheria.

Mtihani nilifanyia chumbani, kamera imewashwa, msimamizi ananiambia nizungushe kompyuta aone kuta na chini ya meza. Mtoto nilimwacha kwa jirani. Mara ya kwanza nilifeli, kosa langu: nilisoma kitabu kama riwaya. Maswali hayakuulizi maana ya kitu, yanakupa kisa na majibu yanayofanana kama mapacha. Mara ya pili nilijaribu maswali ya mazoezi mpaka nikayaota.

Gharama ni kwa pauni, jiandae. Mwajiri wangu wa wakati huo aliahidi kurudisha ada kwa atakayefaulu. Nilipofaulu, risiti ikatakiwa ibadilishwe kuwa shilingi, kisha ikapotea, kisha bajeti ikaisha. Nilipata nusu, baada ya miezi minane. Ahadi ya namna hiyo idai kwa maandishi kabla hujalipa.

Wakala anayeanza simshauri aanzie huku. Kibali cha TIRA kina njia yake, na IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, iko hapa hapa mjini. Lakini ukishakaa na mafaili ya madai miaka miwili mitatu, chukua M05 hata kama hutaendelea. Mimi ACII bado sijaifikia, na siku hizi sina haraka nayo.

Yule mzee alirudi kukata bima ya mwaka uliofuata. Akainama kwenye kaunta, akashusha sauti: "Binti yangu, ile karatasi ningeandika 'pole'?"

Nikamwambia lipia kwanza, mzee.