Raba nyeupe ya wachora ramani: nimeitumia miezi minne kusafishia kadi za fremu

Raba hii nilinunua kwa sababu ya kidudu kimoja.

Mwalimu mstaafu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aliniletea picha ya harusi yake ya mwaka 1978, nyeusi na nyeupe, yeye na mkewe wamesimama ufukweni, nyuma yao Jiwe la Bismarck la hapa Mwanza. Nikamkatia kadi nyeupe, ile inayokaa kati ya picha na kioo yenye dirisha katikati, nikafunga kazi. Siku ya kuchukua akavaa miwani, akagusa kioo kwa kidole. "Mwanangu, na huyu naye alialikwa?"

Kilikuwa kidudu cha ziwani, kimebanwa chini ya kioo karibu kabisa na dirisha, kimeacha mchirizi wa kijani. Mtu wa Mwanza hahitaji maelezo. Mwezi ukiandama wanapanda kutoka ziwani kama moshi, nawe ukiwasha taa dukani Mabatini jioni umewaita wote. Nikamwambia, "Samahani sana, Mwalimu, niachie hadi kesho."

Miaka ya nyuma ningechukua kitambaa chenye maji. Niliwahi, na kadi ile niliitupa. Doa lilitoka kweli, lakini maji yalipokauka yakaacha duara la kahawia lenye ukingo, kubwa kuliko doa lenyewe. Kadi ni karatasi zilizounganishwa kwa gundi. Maji yanakokota uchafu uliomo ndani na kuutua pale yanapokaukia. Raba ya waridi ya shuleni nayo ni balaa, inakwaruza na kuacha rangi yake. Wazee wa kazi hii husema tumia nyama ya mkate mweupe, na kwa vumbi jepesi inafanya kazi, ila kwangu mende wangehamia kwenye fremu.

Basi nikaenda mjini, duka la vifaa vya ofisi, nikaulizia raba nyeupe ya plastiki, ile ya wachora ramani za nyumba. Shilingi 3,000. Muuzaji akashangaa fundi fremu anataka raba ya nini.

Kidudu nilikiacha kikauke usiku kucha, maana kibichi ukikigusa unakipaka. Asubuhi nikakibandua kwa ncha ya kisu. Raba nikaikata pembe ipate ukali, nikaijaribu kwanza kwenye ukingo wa kadi, sehemu inayofichwa na mbao za fremu. Kisha nikasugua mchirizi kwa mkono mwepesi, upande mmoja tu, na kila baada ya mara mbili tatu naisugua raba kwenye karatasi chakavu ijisafishe. Mara ya tano kijani kilikuwa kimebaki kama kivuli, unakiona tu ukiipeleka kadi juani. Nikaacha hapo. Ukilazimisha, karatasi inaota manyoya, na manyoya hayo chini ya kioo yanaonekana kuliko doa. Makombo ya raba yapanguse kwa brashi laini, usitumie kiganja. Kiganja kina mafuta, utakuwa umeanza upya.

Tangu siku hiyo imefuta mistari ya penseli, vumbi, na alama za vidole ambazo hazijakaa siku nyingi. Ule mkato wa mshazari wa dirisha ukichafuka, raba haifiki vizuri; hapo napitisha kipande cha msasa namba 400, mara moja au mbili.

Isichoweza: mafuta yaliyozama. Kuna mteja alikuja kuangalia kazi yake huku anakula sangara wa kukaanga, akashika kadi. Nilisugua hadi mkono ukauma. Nikakata nyingine. Chai vilevile, na ile rangi ya kahawia inayoingia kadi za bei rahisi zikizeeka, hiyo si uchafu wa juu, inatoka kwenye karatasi yenyewe, usihangaike nayo. Halafu raba yenyewe usiitoe kwenye karatasi yake ukaiweka juu ya plastiki. Mwanangu aliiacha kwenye kisanduku cha rula wiki mbili, ikanata, tukaibandua kwa kisu.

Kadi nyeusi ndiyo imenitia hasara. Nilifuta alama ndogo ya kidole, alama ikaondoka, pakabaki pameng'ara kama kiatu kilichopigwa rangi. Ukiitazama kwa mbele huoni kitu. Ukikaa pembeni, jicho linaenda pale pale kwanza. Siku hizi nyeusi naipangusa kwa brashi tu, na nikikata kadi navaa glavu za pamba.

Mwalimu alirudi, akaichunguza picha dakika nzima, akasema kidudu ningemwachia tu, ukumbini walikuwa wengi zaidi. Akalipa, akawahi kivuko.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ile kadi nyeusi, niliyoilipia mwenyewe.