Supu ya Żurek na Sahani za Kuchangia: Jioni katika Mgahawa wa Kipolandi mjini Kraków

Mgahawa tuliokwenda Ijumaa jioni uko Kazimierz, mtaa wa kale wa Wayahudi mjini Kraków, nao ni wa kawaida kabisa: meza za mbao zisizo na vitambaa, mabenchi marefu, na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa chaki ukutani. Tulikuwa marafiki wanne, tukaagiza vyakula mbalimbali ili tuchangie, na hivyo ndivyo ninavyomshauri kila anayekwenda kula chakula cha Kipolandi, kwa kuwa sahani moja tu humshibisha mtu kabla hajaonja ya pili.

Supu ya żurek ndiyo iliyonisukuma kuandika. Uchachu wake hutokana na unga wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, ambao hulowekwa majini pamoja na kitunguu saumu na kuachwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Bakuli lililetwa likifuka mvuke, ndani yake mkiwa na vipande vinene vya soseji nyeupe na yai la kuchemsha lililopasuliwa katikati, kiini chake kikiwa laini bado. Uchachu ulitangulia ulimini, ukafuatwa na ladha ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, kisha kitunguu saumu kikabaki kinywani muda mrefu. Nimewahi kunywa żurek iliyotiwa malai mengi hata ule uchachu ukapotea, jambo linaloiondolea supu hiyo maana yake yote. Mpishi wa hapa hakufanya kosa hilo, na bakuli letu lilipokwisha tuliagiza la pili bila hata kushauriana.

Pierogi ruskie, vile vifuko vya unga vilivyokunjwa kama nusu mwezi na kujazwa viazi vilivyopondwa na jibini nyeupe iitwayo twaróg, navyo vilikuwa vizuri: ngozi nyembamba, kingo zisizo ngumu, chumvi ya kutosha. (Jina hilo huwapotosha wengi, kwani asili yake ni Rutenia Nyekundu, eneo la kihistoria ambalo leo limegawanyika kati ya Polandi na Ukraini, wala si Urusi.) Hata hivyo, hapa ndipo huduma ilipotuangusha. Mwenzetu mmoja hali nguruwe, na tulimweleza mhudumu waziwazi. Alitikisa kichwa kukubali, lakini sahani ikaja imenyunyiziwa skwarki, yaani vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa hadi vikakauka. Mhudumu aliomba radhi kwa dhati na kuirudisha jikoni, ila sahani mpya, yenye kitunguu cha kukaanga peke yake, ilichukua karibu dakika 20, na muda wote huo rafiki yetu alikaa akitutazama tukila. Jambo hilo liliniuma. Kwa yeyote mwenye mwiko kama huo, ni vyema aseme kwa Kipolandi "bez skwarek" anapoagiza, na akumbuke kwamba żurek na bigos kwa kawaida hupikwa kwa nguruwe.

Bigos yenyewe, mchanganyiko wa kabichi iliyochachushwa, nyama za aina kadhaa na uyoga, ilikuwa imepikwa polepole na kupashwa moto tena, kama inavyotakiwa. Chapati za viazi, placki ziemniaczane, zilikuwa zimenyonya mafuta kupita kiasi, nasi tuliziacha nusu. Kompot, maji ya matunda yaliyochemshwa, haikuwa na sukari nyingi na ilikata vizuri uzito wa chakula.

Bili ya watu wanne ilizidi kidogo zloti 200, kiasi ambacho naona ni haki kwa wingi wa chakula tulicholetewa. Nitarudi kwa ajili ya żurek, lakini nitapiga simu mapema kuweka meza, kwani Ijumaa ile tulisimama mlangoni nusu saa nzima kabla benchi la watu wanne halijapatikana.