Jedwali la kukusanyia data za tafiti: miezi yangu mitatu nalo

Nilikuwa na makala 41 za kusoma kwa ajili ya mapitio ya maandiko ya shahada yangu ya uzamili, zote za vyandarua vyenye dawa na malaria Afrika, hasa vile vilivyoongezwa PBO, kemikali inayoisaidia dawa kuua mbu sugu. Nilianza na Excel. Makala moja ilinila karibu saa nzima: fungua PDF, saka idadi ya watoto, rudi uandike, kumbuka ulikuwa ukurasa wa ngapi. Mwenzangu darasani akanionyesha programu ya mtandaoni ya akili mnemba. Unapakia makala, kila moja inakuwa mstari wake, kisha unaunda kolamu unazotaka wewe. Kila kolamu ni swali, nayo programu inalijibu kwa kila makala.

Kolamu yangu ya kwanza niliiita "Ukubwa wa sampuli". Dakika chache tu jedwali likajaa, nikafurahi sana, mpaka nilipolisoma. Utafiti wa Uganda ulipewa 104, idadi ya maeneo yaliyogawiwa vyandarua kwa bahati nasibu. Wa Misungwi, mkoani Mwanza, 84, hayo nayo ni maeneo. Wa Muleba, mkoani Kagera, 1852, watoto wa upande wa vyandarua vya PBO peke yao. Namba zote zimo kwenye makala kweli, ila hazilingani hata kidogo. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

Nikaandika upya: "Katika kila kundi, watoto wangapi walipimwa malaria kwenye ufuatiliaji wa mwisho, na wangapi walikutwa nayo? Taja mwezi. Kama haipo, andika haipo." Hapo mambo yakabadilika. Misungwi ilitoka na namba za miezi 24: 549 kati ya 1199 kwa vyandarua vya kawaida, 326 kati ya 1275 kwa vile vilivyoongezwa dawa ya pili, klofenapiri. Asilimia 45.8 dhidi ya 25.6. Mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa, nimelala chini ya vyandarua hivyo vya kawaida utoto wangu wote, kwa hiyo nilikaa nikizitazama namba hizo mbili kwa muda.

Kolamu iliyoniokoa ni ile niliyoiita "Sentensi yenyewe", inayonakili maneno ya makala palipotoka namba. Kwenye mstari huohuo wa Misungwi, programu ilikuwa imebadilisha makundi mawili: PBO imepewa asilimia 37.5 ya piriproksifeni (dawa nyingine ya kuongezea vyandarua), na piriproksifeni imepewa 40.7 ya PBO. Mapitio yangu yanahusu PBO! Bila ile sentensi pembeni, kosa hilo lingeingia moja kwa moja kwenye uchambuzi. Tangu siku hiyo sikupitisha kisanduku chochote cha matokeo bila kufungua makala.

Utafiti wa Benin ulinilazimu kugawa kolamu. Wao walihesabu watoto wanaougua kadiri muda unavyokwenda, wakati Muleba na Misungwi walipima wangapi wana vimelea siku ya kupimwa. Ukiyaweka chini ya kichwa kimoja "Malaria", programu inayajaza pamoja bila kukushtua.

Kasoro nyingine ni ndogo kwa uzito, lakini zinaumiza. Majedwali yaliyoskaniwa kama picha haiyasomi. Malipo ni kwa kadi ya benki tu, M-Pesa haipokei, na toleo la bure lina kolamu chache mno. Kupakia PDF nyingi kunakula bando. Kuhamishia Excel ni rahisi, hapo sina lawama.

Pamoja na kuhakiki, makala moja sasa inanichukua kama dakika ishirini. Nitaendelea kuilipia. Msimamizi wangu aliuliza nani alikuwa mchukuaji wa pili wa data, maana mwongozo wa Cochrane, shirika la mapitio ya tafiti za afya, unataka data za matokeo zichukuliwe na watu wawili, kila mmoja kivyake. Programu sikuihesabu. Yule mwenzangu wa darasani alizipitia zote 41 kwa fomu tupu, bila kuona jedwali langu, kisha tukakaa Jumamosi mbili kulinganisha.