Gari la rimoti la kuanzia: uliza beringi kabla ya spidi

"Dada, gari linalia." Ujumbe wa namna hii umejaa kwenye simu yangu, na wengi wanaouandika wana gari ambalo hata mwezi halijamaliza. Wanailaumu mota. Wanabadilisha mota, gari linaendelea kulia. Mota haina kosa, jamani. Ni bushi, kile kipete kinachoshikilia ekseli.

Ekseli na gia za gari hili dogo lazima zizungukie ndani ya kitu. Pale panapotakiwa beringi, yaani pete ya chuma yenye vigololi ndani, magari mengi ya kuanzia huwekewa bushi ya plastiki, kwa sababu gharama yake ni ndogo. Sebuleni hutaona shida. Lipeleke uwanja wa shule wakati wa kiangazi: vumbi linaingia, linachanganyika na grisi, mchanganyiko huo unasaga plastiki mpaka tundu linapanuka. Gurudumu linayumba, meno ya gia hayakai sawasawa, mota inavuta kwa shida na kuchemka, betri inaisha mapema. Kupima ni rahisi. Shika gurudumu la nyuma kwa vidole viwili, litikise kulia na kushoto. Likicheza, umeshapata jibu.

Kwa hiyo nikipanga magari matatu ya kuanzia, spidi sizungumzii hapa, wala rangi.

Namba moja ni Tamiya TT-02, na sifichi, mimi ni wa Tamiya. Najua, boksi lake la kawaida nalo linakuja na bushi za plastiki, na kampuni kubwa ya Shizuoka ilipaswa kuona haya. Lakini hili unaliunda mwenyewe kuanzia skrubu ya kwanza, kwa hiyo beringi unaziweka siku hiyohiyo, kabla vumbi halijaligusa. Gia zimefunikwa, shafti moja inapita katikati na kupeleka nguvu mbele na nyuma, na ukimaliza kuliunda unajua kila kitu kilipo. Bodi yake ya polikaboneti, plastiki inayopitisha mwanga, inakuja bila rangi, na rangi unaipulizia upande wa ndani. Angalizo: bisibisi ya nyota ya kawaida inakula vichwa vya skrubu zake, tafuta ya kipimo cha Kijapani, JIS. Na kwenye bajeti ongeza rimoti, servo (mota ndogo ya kukata kona), betri na chaja, maana kwa kawaida boksi halina hivyo. Tumbo lake liko chini, ni gari la lami. Wa barabara za vumbi wachukue TT-02B, ndugu yake wa nje ya lami.

Namba mbili, Traxxas Slash. Linakuja tayari, beringi zake zina kifuniko cha mpira na mfumo wake wa umeme hauogopi maji. Ukilikatisha kona kwa kasi linapinduka, kwa sababu liko juu. Ni gari zuri, ila hujengi chochote, na bei yake ikishafika huku inatia uchungu.

Namba tatu, WLtoys 144001, dogo kidogo, kipimo cha 1:14 cha gari halisi. Lina beringi na sahani ya chuma chini. Boksi linasema kilomita 60 kwa saa, waachie wenyewe. Kasoro yake ni kwamba risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) na kidhibiti cha mota viko kwenye kiboksi kimoja. Kimoja kikifa, unanunua vyote viwili.

Yaliyo chini ya hapo, yenye betri zisizo na spea, mnunulie mtoto wa dada yako.

Sasa wauzaji. Ukiuliza kama gari lina beringi au bushi, unajibiwa "hii ni original, mama." Ukiuliza spea: "Hatuuzi spea, chukua jingine." Mtu anauza gari la mamia ya maelfu na hana hata pinioni moja, kigia kidogo cha mota, kwenye kabati! Na wachache wenye beringi wananunua paketi nzima kutoka China, wanaifungua, wanaziuza moja moja kwenye vifuko vilivyoandikwa "za mashindano".

Msiwape hiyo hela. Beringi za TT-02 ni milimita 5 ndani, 11 nje, unene 4. Andika MR115-2RS kwenye karatasi, nenda kwa wauza beringi za mashine, uulize bei. 2RS ni ile yenye mpira pande zote mbili. Wakikuletea ZZ, yenye kifuniko cha bati, rudisha. Vumbi letu linapita hapo.